Mgonjwa wa Homa Aulizwe Alichuna Nini

Mgonjwa wa homa anapofika mbele yetu tunamwuliza maswali tuliyoyazoea: homa imeanza lini, je, anatapika, je, amesafiri, analala ndani ya chandarua, maji anayokunywa yamechemshwa. Pengine, ikiwa mhudumu ana subira na foleni si ndefu, mgonjwa ataulizwa pia amekula nini. Ni nadra mno kusikia mhudumu akiuliza: katika wiki chache zilizopita umechinja, umechuna au umekatakata mnyama? Ninashikilia kwamba swali hilo moja, pamoja na elimu inayopaswa kulitangulia, limekosekana kwa muda mrefu katika huduma zetu. Kukosekana kwake kunawagharimu hasa watu waishio kando ya mapori na hifadhi, ambako swala, nyumbu, ngiri na nyati ni sehemu ya kitoweo, kwa kibali au bila kibali.

Elimu tunayoitoa kuhusu nyamapori humlenga mlaji. Tunamwambia apike nyama mpaka iive, asile mbichi, anawe mikono. Ni maneno ya kweli, wala siyapingi. Ila mlaji huikuta nyama ikiwa imekwisha kupita katika mikono ya mtu mwingine, na kati yake na kijidudu umesimama moto wa jiko. Kati ya mchunaji na kijidudu hakuna kilichosimama. Yeye ndiye anayetia mikono mitupu katika damu ingali moto, anayeinamia tumbo lililofunguliwa huku akivuta mvuke wake, anayejichoma kidole kwa ncha ya mfupa uliovunjwa na risasi kisha akaendelea na kazi, kwa sababu jua linapanda na nyama haingoji. Mlaji akipatwa na madhara, mara nyingi ni kuharisha kwa siku mbili tatu. Mchunaji akipatwa, yaweza kuwa ni jambo la kufa na kupona.

Ushahidi wa jambo hili si wa jana. Mwaka 1996, huko Mayibout nchini Gabon, sokwe aliyeokotwa msituni akiwa amekufa aliletwa kijijini, akachunwa na kugawanywa. Walioanza kuugua Ebola ni wale walioshiriki kumchuna na kumkata. Jamaa zao wakafuata. Huku kwetu, Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Kenya na Tanzania mwishoni mwa 2006 na kuendelea 2007, kuchinja, kuchuna na kushika wanyama wagonjwa vilikuwa miongoni mwa njia kuu za maambukizi. Sababu inaeleweka. Virusi vya ugonjwa huo vimo katika damu na majimaji ya mnyama aliye mgonjwa. Asidi inayoongezeka katika nyama baada ya mnyama kufa huvidhoofisha, na moto huvimaliza. Anayekula jioni anakutana na nyama iliyokwisha kupita hatua hizo mbili. Aliyechinja asubuhi alikutana na damu yenyewe.

Yamkini msomaji aliye mhudumu wa afya atasema kwamba hao ni wagonjwa wachache, na kwamba malaria ndiyo inayojaza wodi zetu. Hapo takwimu za Moshi hazina budi kutusimamisha. Kati ya 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo walifuatiliwa kwa vipimo vya maabara. Asilimia 60.7 kati yao walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vilionyesha kwamba malaria ndiyo iliyokuwa chanzo cha homa kwa asilimia 1.6 tu. Kwa upande mwingine, miongoni mwa waliochunguzwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, kiasi cha robo walikuwa nayo: leptospira, homa ya Q, homa za kupe na brusela. Sisemi kwamba watu hao walichuna swala. Moshi ni nchi ya ng'ombe, mbuzi na panya wa mashambani, na magonjwa hayo yana milango mingi. Nasema tu kwamba kama mhudumu haulizi habari za wanyama, magonjwa ya wanyama yatabaki yamevaa jina la malaria, au la taifodi, hata mgonjwa amalize dozi tatu zisizomhusu.

Mwaka 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, homa iliyoambatana na kutokwa damu puani iliwatia watu hofu mpaka ilipotambuliwa kuwa ni leptospira, ikapewa jina la Homa ya Mgunda. Bakteria wake hukaa katika figo za mnyama na kutoka kwa mkojo. Mchunaji anayekipasua kibofu kwa bahati mbaya, mkojo ukamwagikia mikono yenye michubuko, hahitaji kuingia mgundani ili aupate.

Nije kwenye ugonjwa unaonisukuma kuandika, nao ni kimeta. Bakteria wa kimeta ana tabia moja ambayo kila mwindaji angepaswa kuijua kama anavyojua upande wa upepo. Ndani ya mzoga usiofunguliwa, bakteria hao hufa kwa wingi kadiri mzoga unavyooza. Kisu kikipita, damu ikakutana na hewa, hujigeuza kuwa mbegu ngumu ziwezazo kukaa udongoni kwa miongo mingi zikingoja mnyama mwingine. Kwa hiyo mchunaji wa mzoga wa kimeta hajihatarishi peke yake. Anapanda ugonjwa mahali hapo kwa ajili ya ng'ombe wa wajukuu zake. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa kwa kawaida, wala kwa kukaushwa juani, wala kwa moshi, wala kwa chumvi.

Dalili za mzoga huo zinafahamika: tumbo huvimba upesi, mwili haukakamai sawasawa, damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au sehemu ya haja. Ila zisipoonekana, mtu asijidanganye kwamba mzoga ni salama. Kwa binadamu, kimeta cha ngozi huanza kama kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, kisha kidonda chenye gamba jeusi katikati na uvimbe pembeni, na la ajabu ni kwamba kidonda chenyewe hakiumi. Kwa sababu hakiumi, mtu hukaa nacho. Kikitibiwa mapema kwa viuavijasumu, karibu wote hupona. Kikiachwa, mgonjwa hadi mmoja kati ya watano aweza kufa. Kile cha tumboni, kinachompata aliyekula nyama, huua zaidi na hutambulika kwa shida zaidi.

Lugha yetu ina neno ambalo sisi wa afya hatulitumii vya kutosha: kibudu, yaani mnyama aliyekufa mwenyewe bila kuchinjwa. Kwa Mwislamu kibudu ni haramu, na katika kambi nyingi za uwindaji asiye Mwislamu humwachia mwenzake Mwislamu apitishe kisu shingoni ili nyama ilike na wote. Sheria hiyo ya imani na ushauri wa daktari wa mifugo vinaelekea njia moja, na mwelimishaji mwenye busara angeanzia hapo badala ya kuanza na jina la bakteria. Hata hivyo pana mpaka. Kumwahi mnyama anayekata roho kwa ugonjwa na kumchinja kabla hajatulia kwaweza kumwondolea mlaji shaka ya dini. Hakumwondolei mchunaji kimeta.

Tena makatazo peke yake hayatoshi, na tuna fundisho kutoka kwa jirani. Mwaka 2011, wilayani Chama nchini Zambia, viboko 85 walikufa kwa kilichodhaniwa kuwa kimeta, na katika vijiji vya eneo hilo wakaripotiwa wagonjwa 511, watano kati yao wakafariki dunia. Watafiti walipowahoji watu 284 wa vijiji hivyo, asilimia 84 walisema walikuwa wamekula nyama ya kiboko kabla ya mlipuko. Kula, kubeba na kuandaa nyama vyote vilihusiana na kuugua. Halafu likaja jibu linalopaswa kutunyima usingizi: asilimia 23 walisema kwamba, wakimkuta kiboko amekufa, wangemla tena, na sababu kubwa waliyoitoa ni upungufu wa chakula. Mtu huyo hakukosa kusikia. Alisikia, akaugua au akamwona jirani akiugua, na bado sufuria ni tupu. Bango lenye maandishi mekundu lisemalo USIGUSE halimpi kitu cha kutia ndani ya sufuria.

Ndiyo maana naona elimu yetu igawanyike wazi katika mambo mawili yasiyochanganywa. La kwanza ni amri isiyo na mjadala: mnyama aliyekutwa amekufa, au aliyeonekana akiyumba, akitokwa na mate au kujitenga na wenzake, hafunguliwi. Haguswi, hachunwi ngozi, hakatwi mkia wala pembe. Aitwe afisa mifugo au afisa wanyamapori. La pili ni ufundi: mnyama mzima aliyewindwa kihalali achunwe namna gani ili mchunaji asiugue na nyama isiharibike. Tukikataza yote kwa sauti moja, msikilizaji hushindwa kutenga hatari kubwa na ndogo, mwishowe huyapuuza yote.

Kuhusu huo ufundi nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaoshauri hatujawahi kushika kisu cha kuchunia, na mwindaji hutugundua mara moja.

Adui wa nyama porini ni joto, uchafu wa matumbo na vumbi, kwa mpangilio huo. Swala aliyeanguka saa nne asubuhi ana joto la mwili la nyuzi 38 au 39, na jua linamwongezea. Chakula kilichomo katika tumbo lake kubwa la cheuo kinaendelea kuchacha na kutoa gesi kana kwamba yu hai. Bakteria wa matumbo wakipata joto na unyevu waweza kuongezeka maradufu kwa kila dakika 20 hivi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kivuli, na la pili ni kutoa matumbo mapema iwezekanavyo, ndani ya saa ya kwanza. Kumbeba mnyama mzima mpaka kijijini, eti achunwe vizuri huko, ni kosa linaloonekana kama uangalifu.

Mnyama alazwe chali juu ya turubai au majani mabichi. Kabla ya kufungua tumbo, ngozi izungushiwe kisu kwenye sehemu ya haja kubwa, utumbo uvutwe kidogo nje na kufungwa kwa uzi imara, ili kinyesi kisimwagike ndani unapovutwa upande wa mbele. Umio nao ufungwe shingoni kwa namna hiyohiyo, kwani humo ndimo cheuo hurudia. Vifundo hivi viwili huchukua dakika tano, na naamini vina faida kuliko sabuni yote itakayotumika baadaye. Tumbo lipasuliwe kwa makali ya kisu kuelekea juu, vidole viwili vya mkono wa pili vikiwa chini ya ncha kuyasukuma matumbo mbali nayo. Asiyejua hukandamiza makali chini, na harufu humjulisha papo hapo alichokipasua. Kiwambo cha moyo kikishakatwa kuzunguka mbavu, mapafu, moyo na matumbo hutoka kwa pamoja, mnyama akageuzwa damu ikamiminika.

Ikitokea utumbo umepasuka, sehemu iliyochafuka ikatwe na kutupwa. Wengi hukimbilia kuosha kwa maji ya bwawa au ya mto. Maji hayo huja na uchafu wake, kisha huusambaza ule wa kwanza hadi kwenye paja lililokuwa safi, na kuiacha nyama mbichi juu yake, hali ambayo bakteria huipenda. Kitambaa kikavu na safi hufaa zaidi. Nyama iliyokauka juu hudumu.

Mnyama atundikwe mtini kwa miguu ya nyuma, achunwe kuelekea chini. Ngozi ikatwe kutoka ndani kwenda nje, ili kisu kisiburute manyoya, udongo na kupe juu ya nyama. Mkono ulioshika ngozi usishike nyama. Wachunaji wa zamani hugawana kazi, mmoja wa ngozi, mmoja wa nyama, na huo ni usafi wa chumba cha upasuaji uliobuniwa chini ya mgunga. Iwapo ngozi ivuliwe porini au ibaki hadi nyumbani, hapo hata mafundi hawaelewani. Ngozi huzuia vumbi, lakini huzuia pia joto lisitoke. Kwa hali ya hewa yetu mimi niko upande wa kuivua, alimradi ipo shuka safi ya pamba ya kuifunika nyama. Isifunikwe kwa plastiki, maana hufuga joto na jasho.

Wakati viungo vya ndani vinatoka, mchunaji ageuke mkaguzi. Bandama iliyovimba, laini, yenye weusi kama lami ni ishara ya kuacha kila kitu hapohapo. Vinundu vyenye kitu kama jibini ndani ya mapafu au tezi, hasa kwa nyati, vyaweza kuwa kifua kikuu. Mji wa mimba usifunguliwe kwa mikono mitupu hata kwa udadisi wa kuona mtoto, kwa kuwa humo na kwenye kiwele ndimo brusela hupenda kukaa. Katika kukata vipande, viungo viachanishwe kwa kisu kwenye maungio. Shoka na panga ni haraka, lakini huacha vibanzi vya mfupa, na vibanzi ndivyo vinavyotoboa glavu na kidole.

Vifaa vinavyotakiwa si vingi. Kisu kimoja kifupi, cha ubapa imara usiozidi shibiri, kingine kilichopinda kidogo kwa ajili ya ngozi, kinoo, kamba na uzi, turubai, shuka, dumu la maji ya kunywa na kipande cha sabuni. Kisu butu ndicho hatari, kwa maana hulazimisha nguvu, na nguvu huteleza. Mpini wa mbao uliopasuka hunyonya damu na haukaushiki, basi afadhali ule wa plastiki uwezao kuchemshwa. Glavu nyembamba za zahanati huraruka upesi. Zile nene za mpira za kufulia zinafaa zaidi, au nyembamba mbili moja juu ya nyingine. Miwani yoyote ya kuzuia damu isirukie jicho ni bora kuliko kutokuwa nayo. Na kisu cha kazi hiyo kisirudi jikoni. Huko Marekani ya Kaskazini, ambako mnyama wa mawindo ni yule paa mwenye pembe za matawi, wawindaji hushauriwa na mamlaka za afya wavae glavu, wasiguse ovyo ubongo na uti wa mgongo, na wasitumie visu vya nyumbani, kwa tahadhari ya ugonjwa wa kukonda uliotambuliwa kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Ugonjwa huo haujathibitishwa kumpata binadamu hata mmoja, na bado wanatahadhari. Sisi tunao kimeta na brusela vilivyothibitishwa mara elfu, na kisu kilichomchuna ngiri jana leo kinakatia mchicha.

Jambo la risasi nilipitie kwa ufupi. Risasi ya madini ya risasi ikigonga mfupa husambaa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho, mbali kuliko tundu lake. Mwaka 2008 huko North Dakota, nyama ya mawindo iliyotolewa sadaka kwa wahitaji ilipopigwa eksirei ikakutwa na chembe hizo, na wagawaji wakashauriwa kuitupa. Hakuna kiwango cha madini hayo kijulikanacho kuwa salama kwa mtoto. Basi nyama iliyozunguka jeraha ikatwe kwa ukarimu na isipewe mtu wala mbwa. Kuiloweka kwa siki au limau hakuisafishi. Asidi hufanya madini hayo yayeyuke na kuingia mwilini kwa urahisi zaidi.

Najua pingamizi linalongoja. Je, kumfundisha mtu kuchuna swala si kumfundisha ujangili? Swali ni la haki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977, na huko mafunzo ya namna hii yangehitaji sura nyingine. Tanzania, uwindaji kwa leseni upo, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inautambua, na kanuni za mwaka 2020 zilifungua njia ya kuuza nyamapori kwa leseni katika mabucha maalumu. Serikali ikishakubali kwamba raia anunue nyama hiyo buchani, haifai kusahau kwamba kabla ya jokofu la bucha palikuwa na mtu, kisu na jua la saa nne. Isitoshe, ufundi huohuo unamfaa anayechinja mbuzi wa harusi nyuma ya nyumba, na hao ni wengi kuliko wawindaji wote.

Lililo gumu zaidi ni yule asiye na kibali. Huyo ndiye aliyetega waya usiku, akamkuta mnyama asubuhi, hajui alikufa saa ngapi wala kwa nini. Ndiye aliye karibu zaidi na kibudu, na ndiye atakayechelewa zaidi kuja zahanati, kwa sababu kidonda chake ni ushahidi. Akija, atasema alijikata shambani. Mwuguzi akimwuliza kwa sauti ya askari, atapata jibu la mshtakiwa. Nasema bila kuficha: kazi ya mwuguzi si kulinda tembo. Ipo taasisi yenye kazi hiyo, na ina watu wake. Siri ya mgonjwa haikomi mahali ambapo mgonjwa amevunja sheria. Kimeta ni ugonjwa wa kutolewa taarifa, na taarifa itolewe siku hiyohiyo, ikieleza ugonjwa, kijiji na mnyama, ili mzoga utafutwe na wengine waliogawana nyama wafikiwe. Haina haja ya kuwa hati ya mashtaka. Wenzetu wa wanyamapori nao wakubali jambo hili kwa faida yao wenyewe: mgonjwa mmoja aliyesema kweli huwaonyesha mzoga ambao doria ya wiki nzima isingeuona.

Swali lenyewe liulizwe kwa adabu na kwa wote, ili asiwepo anayehisi kunyooshewa kidole. "Mzee wangu, huku kwetu magonjwa mengine hutoka kwa wanyama, nami huwauliza wote: mwezi huu umechinja au kuchuna mnyama yeyote, wa kufugwa au wa porini? Alikuwa mzima, au mlimkuta amelala?" Neno "amelala" halimbani mtu. Mama aulizwe pia, kwani mara nyingi mume huleta, na mke ndiye anayeosha matumbo na kupasua kichwa. Akikubali, na ana kidonda cheusi kisichouma, mhudumu asikipasue wala kukikwangua, kwa kuwa hilo laweza kueneza maambukizi. Achukue sampuli kabla ya dawa ikiwezekana, aanze tiba bila kungoja majibu, apige simu wilayani. Akiwa na homa ya kurudiarudia, jasho la usiku na maumivu ya viungo, brusela iingie katika fikra kabla ya dozi nyingine ya malaria ambayo kipimo kimekwisha kuikana.

Haya yote hayahitaji mradi mkubwa wa kutoka nje. Yanahitaji mstari mmoja uongezwe katika karatasi ya maelezo ya mgonjwa kwenye zahanati za wilaya zinazopakana na mapori, na siku moja ambayo afisa mifugo, afisa wanyamapori na tabibu watakaa na wawindaji wenye leseni, wauza nyama na wachinjaji wa kijiji chini ya mti, mbuzi mmoja akachunwa mbele yao kwa vifundo viwili na visu viwili. Msimu wa uwindaji huanza Julai. Miezi ya masika inatosha kuyaandaa, na glavu za mpira zinauzwa dukani.